SAT au ACT: upi umfae anayetafuta ufadhili kupitia alama za kusoma

Mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani anayetegemea ufadhili ili afike chuo kikuu hukutana na swali hili kabla hajamaliza darasa la 11: afanye SAT au ACT, mitihani miwili ya kuombea nafasi chuoni? Vyuo vya huko vinavyodai alama za mtihani hupokea wowote kati ya hiyo miwili, wala haviupi mmoja heshima kuliko mwingine. Uamuzi ni wako, na una uzito wa fedha. Mtu yuleyule anaweza kukwama chini kidogo ya alama za ufadhili kwenye mtihani mmoja, akazivuka kwenye mwingine, ilhali uwezo wake haujabadilika hata chembe.

Nalinganisha zaidi upande wa kusoma na kuelewa. Huko ndiko wengi waliojifunza Kiingereza baada ya lugha nyingine hupoteza alama, na huko ndiko alama hupanda mtu akishajua anapimwa nini hasa.

Neno moja kwanza kwa wanaosema mitihani hii imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba tangu 2020 vyuo vingi viliacha kuilazimisha. Lakini MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, Dartmouth ikafuata mwaka 2024, na fedha za ufadhili zina masharti yake zenyewe: chuo kinaweza kukupokea bila alama za mtihani, kisha kikazidai unapoomba msaada wa ada. Soma masharti ya ufadhili peke yake, usiyachanganye na masharti ya kupokelewa.

Anza na hesabu ya ufadhili

Watu wengi huanza kwa kuuliza upi ni mwepesi. Mimi ningeanza na namna alama zinavyojumlishwa, kwa sababu sehemu ya kusoma haina uzito sawa katika mitihani hii.

ACT ina alama 1 hadi 36. Kuanzia 2025, mtihani ulipofanyiwa mabadiliko na sayansi ikawa ya hiari, alama ya jumla ni wastani wa sehemu tatu: Kiingereza (yaani sarufi na uhariri), hesabu, na kusoma. Zamani ilikuwa wastani wa nne. Kwa hiyo kusoma kumepanda kutoka robo hadi theluthi nzima ya alama yako.

SAT inaishia 1600. Nusu ni hesabu, nusu ni sehemu moja inayochanganya kusoma na kuandika. Ndani ya nusu hiyo, maswali ya kuelewa kifungu ni zaidi kidogo ya nusu. Yaliyobaki ni ya sarufi, viunganishi na kupanga hoja.

Ukiweka hesabu hizo pamoja, picha inajitokeza. Kwenye ACT, lugha kwa ujumla wake (sarufi na kusoma) inabeba theluthi mbili ya alama. Kwenye SAT inabeba nusu. Mwenye hesabu kali na Kiingereza kinachochechemea hulindwa zaidi na SAT. Anayependa kusoma na ambaye hesabu humtoa jasho, ACT inampa nafasi pana.

Chukua mfano wa Tennessee. Ufadhili wa HOPE wa jimbo hilo unataka ACT 21 au SAT 1060, au vinginevyo GPA (wastani wa alama za shuleni) ya 3.0. Tuseme mwanafunzi ana 20 ya Kiingereza, 19 ya hesabu na 21 ya kusoma. Jumla ni 60, gawanya kwa tatu unapata 20: amekosa kwa alama moja. Akipandisha kusoma hadi 22, wastani ni 20.33, unakadiriwa kuwa 20, bado yuko palepale. Akifika 23, wastani ni 20.67, unakadiriwa kwenda juu kuwa 21. Alama mbili tu za kusoma, na mlango uko wazi. Fanya hesabu hii kwa alama zako mwenyewe kabla ya kununua kitabu chochote. Kuna wanaojitesa kutafuta alama nane za ziada wakati wanahitaji mbili.

Louisiana nayo, kupitia ufadhili wa TOPS, imepanga ngazi kwa ACT: kwa kawaida 20 kwa ngazi ya Opportunity, 23 kwa Performance na 27 kwa Honors, pamoja na masharti ya GPA na masomo. Kwenye ngazi kama hizi kila alama moja ya jumla inaweza kuwa na thamani yake, na kusoma ni theluthi ya alama hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie mtoto akiwa bado darasa la 10. PSAT, mtihani wa awali wa SAT unaofanywa Oktoba ya darasa la 11, ndiyo mlango wa kuingia National Merit, shindano la kitaifa la ufadhili, na hesabu yake inaipendelea lugha waziwazi: alama ya kusoma na kuandika huzidishwa mara mbili, hujumlishwa na ya hesabu, kisha hugawanywa kwa 10. Mwenye 700 ya lugha na 680 ya hesabu anapata 208. Mwenye 680 ya lugha na 700 ya hesabu anapata 206, ingawa jumla zao za kawaida zinalingana. Mshindi anaweza kupata dola 2,500 za mara moja, au ufadhili unaotolewa na kampuni au chuo chenyewe, ambao wakati mwingine ni mkubwa zaidi. Ni wa wanaosoma sekondari nchini Marekani (masharti ya uraia huwahusu wanaosoma nje ya nchi hiyo), na kiwango cha kufuzu hutofautiana jimbo kwa jimbo. ACT haina njia kama hiyo. Anayelenga National Merit basi ajiandae kwa SAT, maana PSAT ina muundo uleule na maandalizi yanakuwa ya kazi moja.

Vifungu vifupi vingi, au virefu vinne

Sehemu ya lugha ya SAT ina maswali 54 katika dakika 64, yaliyogawanywa katika moduli mbili za maswali 27 na dakika 32 kila moja. Kila kifungu ni kifupi, maneno 25 hadi 150, na kina swali moja tu. Ukimaliza unahamia kifungu kingine kabisa: umetoka kwenye shairi la karne ya 19, umeingia kwenye utafiti wa udongo, mara jedwali la takwimu.

ACT mpya ina maswali 36 ya kusoma katika dakika 40. Vifungu ni vinne, kila kimoja kirefu na chenye maswali tisa: hadithi, sayansi ya jamii, sanaa na utamaduni, sayansi asilia. Kimoja kinaweza kuwa jozi ya vifungu viwili vya kulinganishwa.

Ukigawanya muda, SAT inakupa takriban sekunde 71 kwa swali na ACT takriban 67. Tofauti ni ndogo mno kuamua chochote. Kabla ya mabadiliko ACT ilikuwa na maswali 40 kwa dakika 35, sekunde 52 na nusu kwa swali, na sifa yake ya kuwa mtihani wa mbio ilitoka huko. Kaka au dada aliyeufanya miaka mitatu iliyopita atakuonya kuhusu mtihani ambao haupo tena kwa sura ile.

Tofauti yenyewe iko katika aina ya kosa. Tazama mfano wa mtindo wa SAT, niliotunga mwenyewe:

Kifungu kinasema watafiti walihisi kwamba ndege wa mjini huimba kwa sauti nyembamba zaidi ili wasikike juu ya ngurumo nzito za magari. Wakarekodi ndege wa aina moja katika bustani tulivu na kando ya barabara kuu. Swali: tokeo lipi lingeunga mkono zaidi dhana yao? Chaguo A: ndege wa kando ya barabara waliimba kwa sauti kubwa kuliko wa bustanini. B: nyimbo za ndege wa kando ya barabara zilikuwa nyembamba kuliko za bustanini. C: ndege wa bustanini waliimba mara nyingi zaidi asubuhi. D: ndege wa kando ya barabara walihamia bustanini kelele zilipozidi.

Wengi huvutwa na A. Ina kelele, ina ndege, ina sauti, na inaingia akilini: penye kelele mtu hupaza sauti. Lakini dhana haikusema sauti kubwa, ilisema nyembamba. Jibu ni B, na aliyekosa hakukosa Kiingereza. Alikosa kushika dai lenyewe lilivyo. SAT imejaa mitego ya namna hii. Sentensi ni chache, kila neno linabeba mzigo, na chaguo baya huwa na ukweli wake ambao haujibu kilichoulizwa.

ACT hukutega kwingine. Unasoma hadithi ndefu ya kijana anayerudi kwao baada ya miaka mingi, kisha unaulizwa kwa nini alichelewa kufika mazishini. Sababu imeandikwa waziwazi katikati ya aya ya tano. Chaguo baya nalo litakuwa limeandikwa kwenye kifungu, ila katika aya ya pili, likieleza kwa nini alichelewa siku nyingine. Maswali mengi ya ACT yana jibu unaloweza kuligusa kwa kidole, mradi ukumbuke liko wapi. Kosa la ACT mara nyingi ni la kutafuta. Kosa la SAT mara nyingi ni la kupima hoja.

Hapo utajijua. Ukisoma kurasa mbili na bado ukakumbuka nani alisema nini na wapi, ACT itakulipa. Ukichoka kwenye kifungu kirefu, akili ikazurura, lakini sentensi nne ngumu ukiweza kuzichambua hadi mwisho, SAT ni yako. Na kuna faraja moja ya SAT ambayo waliojifunza Kiingereza ukubwani huithamini sana: kifungu usichokielewa kabisa kinakugharimu swali moja. Kwenye ACT kinaweza kuondoka na tisa.

Msamiati pia unatofautiana. Kila moduli ya SAT hufungua na maswali ya kujaza neno linalofaa kwenye nafasi, na maneno yenyewe ni ya kitaaluma, yale ya kwenye vitabu vya kiada. ACT hupenda neno la kawaida lililotumika kwa maana isiyo ya kawaida. Aliyesoma Kiingereza darasani huenda akashangaa kuona ya SAT yanamjia upesi kuliko ya ACT, kwa kuwa ya ACT hujulikana kwa kuishi na lugha.

Moduli ya kwanza ina uzito wake

SAT hujirekebisha kwa kadiri unavyofanya. Ukifanya vizuri moduli ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi na njia ya alama za juu inabaki wazi. Ukiteleza, ya pili inakuwa nyepesi, lakini kuna kiwango ambacho huwezi kukivuka hata ukipata yote. Kwa mtafuta ufadhili mkubwa hii ina maana kwamba haraka katika moduli ya kwanza ni hasara, na ukishaifunga hurudi nyuma. ACT haina utaratibu huo: maswali ni yaleyale hata ukianza vibaya, na unaweza kujikusanya kwenye kifungu cha tatu.

Upande wa pili, SAT hupanga maswali kwa ujuzi: msamiati, kisha ufahamu, kisha sarufi, mwisho kupanga hoja, na ndani ya kila kundi huanza na rahisi. Kwa hiyo mwenye sarufi nzuri anaweza kuruka katikati, akachukua ya sarufi haraka, kisha akarudi kwenye ufahamu akiwa na muda wa kutosha. Programu ya Bluebook, inayotumika kufanyia SAT, inaruhusu kuweka alama kwenye swali la kurudia na kufuta machaguo uliyoyakataa. Kwenye ACT unaweza pia kuanza na kifungu unachokipenda, na hilo ningelishauri: asiyependa hadithi aziache mwisho.

Katika mitihani yote miwili, jibu baya halikatwi alama. Usiache swali wazi.

Karatasi au skrini? SAT sasa ni ya kompyuta, isipokuwa kwa wenye ruhusa maalumu. ACT bado inakuachia uchague. Kama hukumbuki ulichosoma mpaka upige mstari kwa penseli, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kwenda ACT.

Kwa anayejifunza bado Kiingereza

Kama shule yako imekutambua rasmi kuwa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, kuna msaada ambao wengi hawaambiwi. ACT inaruhusu kuombewa muda wa ziada hadi mara moja na nusu, na kamusi ya neno kwa neno isiyo na maelezo. SAT ina msaada wa aina hiyo unaopatikana kwenye mtihani unaofanyika shuleni siku ya masomo. Maombi hupitia kwa mshauri wa shule, tena mapema, kwa hiyo mfuate muhula unapoanza. Muda wa ziada kwenye vifungu virefu vya ACT unabadilisha kila kitu nilichosema hapo juu kuhusu kuchoka. Aliyeupata aujaribu mtihani huo upya kabla ya kuukataa.

Kwa familia zenye kipato kidogo kuna pia msamaha wa ada. Mwanafunzi anayestahili hufanya SAT bure hadi mara mbili, na ACT hadi mara nne. Huo nao ni uzito kwenye mizani kwa anayejua atahitaji kurudia.

Usome vipi ili alama zipande

Kuna anayesema soma vitabu vingi, kuna anayesema fanya mitihani ya majaribio, kuna anayesema tafuta mwalimu. Muda uliobaki ndio unaoamua. Ukiwa na mwaka mzima, kusoma makala ndefu za sayansi na historia kila siku kutakujenga kuliko kitu kingine chochote, hasa kwa ACT. Ukiwa na miezi miwili, faida ya haraka inatoka kwenye makosa yako mwenyewe.

Simaanishi kufanya mitihani mingi kwa kufululiza. Fanya mmoja kwa muda halisi, kisha tumia siku kadhaa kuuchambua. Kwa kila swali ulilokosa andika mambo matatu daftarini: sentensi ya kifungu inayothibitisha jibu sahihi, neno hasa linaloharibu chaguo ulilolichagua, na kilichokuvutia kwake. Kwenye mfano wa ndege ungeandika: “neno baya ni ‘kubwa’; nilivutwa kwa sababu inaingia akilini.” Baada ya kurasa chache utaona unarudia kosa moja au mawili yaleyale. Wapo ambao daima huchagua jibu lenye neno kali kama “daima” au “pekee”. Wapo wanaojibu kwa wanachokijua badala ya kilichoandikwa. Ukishaliona lako, alama zitaanza kusogea.

Mwalimu anafaa pale ambapo umeandika hayo yote na bado hujui kwa nini unakosea. Kabla ya hapo utalipia kusomewa majibu ambayo yako bure mtandaoni.

Kwa vifaa, SAT ina mitihani kamili ya bure ndani ya Bluebook, na mazoezi ya bure ya tovuti ya Khan Academy yanayoandaliwa kwa ushirikiano na College Board, wenye SAT. Mitihani hiyo kamili si mingi. Usiimalize yote mwezi wa kwanza. ACT nayo hutoa mtihani wa majaribio wa bure, na faida yake nyingine ni kwamba mitihani yake ya zamani bado inatumika vizuri kwa mazoezi, kwa kuwa vifungu ni vya aina ileile, ila kumbuka vilikuwa na maswali kumi badala ya tisa. Vifungu virefu vya SAT ya karatasi iliyokoma Marekani mwishoni mwa 2023 viache. Vinakuzoesha mtihani mwingine.

Kuamua

Fanya jaribio moja kamili la kila mtihani, wiki mbili tofauti, kisha linganisha kwa jedwali rasmi ambalo College Board na ACT walilitoa kwa pamoja mwaka 2018. Humo ACT 21 inalingana na SAT 1060 hadi 1090, 24 na 1160 hadi 1190, 27 na 1260 hadi 1290. Jedwali ni la kabla ya muundo wa sasa, lakini ndilo ambalo vyuo vingi bado hulitazama.

Mtihani mmoja ukikuweka juu kwa alama mbili au zaidi za ACT, uchukue huo na usiutazame mwingine tena. Zikikaribiana, angalia ufadhili wako wa kwanza kwenye orodha unahesabu vipi. Kama unakubali kuunganisha alama bora za kila sehemu kutoka mitihani tofauti, ACT ina mvuto wa pekee: unaweza kurudia ukiwa umeweka nguvu zako zote kwenye kusoma peke yake, bila hofu ya kuharibu hesabu uliyokwisha kuipata. Kama unataka alama za siku moja tu, au kama National Merit bado iko mbele yako, ningekwenda SAT.

Na panga mtihani wa kwanza majira ya kuchipua ya darasa la 11, si baadaye. Hiyo inakuachia kiangazi kizima cha kushughulikia daftari la makosa, na nafasi ya kurudia kabla maombi ya ufadhili hayajaanza kufungwa, maana baadhi hufungwa Novemba.